Ua Mlangoni kwa Ponni

Katika mtaa ule, wanawake hufagia vizingiti kila asubuhi, kisha huchora ua kwa unga wa mchele ili nyumba ipate heri. Tangu miguu ya Ponni ilipopooza, jirani yake Thangam ndiye aliyemchorea. Kwa hiyo siku alipokuta mistari ya chokaa mlangoni kwa Ponni, alidhani ni uchafu wa wapita njia. Akaifagia, akachora ua zuri kuliko yote.

Kumbe ilikuwa alama ya manispaa. Hapo pangejengwa mteremko wa kiti cha magurudumu, ili naye Ponni aifikie barabara mpya iliyokuwa ikijengwa. Mafundi hawakuiona alama, wakajenga ngazi kama kwa wengine wote.

Siku barabara ilipofunguliwa, mtaa mzima ulitoka nje. Thangam alisimama chini ya ngazi zile, Ponni akiwa juu mlangoni kwenye kiti chake, hajui auweke wapi uso wake.

"Dada, ni mimi niliyefuta."

"Najua. Nilikuwa dirishani."

"Ukaninyamazia?"

"Ulikuwa unaimba," Ponni alisema. "Nami sikujua chokaa ile ni ya nini."

"Wamesema watarudi kurekebisha."

"Manispaa hii? Watanikuta nimeshakufa na kuzaliwa tena."

Thangam hakucheka. Alipanda ngazi, akachuchumaa mbele ya kiti na kumpa mgongo. Mikono ya Ponni ikamzunguka shingoni, myepesi, ikinukia sabuni. Kule chini watoto walikimbizana kwenye lami. Thangam akashika ukuta, akayasikiliza magoti yake kabla ya kuinuka naye.