Risiti Zilizopigwa Pasi

Yusta alikuwa amebakiza skrubu moja tu aking'oa kibao cha ofisi yake ya uhasibu. Miezi minne alimwomba Mungu mteja mmoja, asipate. Ndipo akatokea mama mwenye mgahawa, na bahasha ya risiti, wakaingia ndani.

“Watu wa kodi wanazitaka kesho, mwanangu. Zilikunjamana, nikazipiga pasi.”

Zote zilikuwa nyeusi tii.

“Mama, karatasi hizi hazitaki moto.”

“Niliona aibu kumletea mhasibu takataka.”

Katika miaka kumi na mitano ya kuajiriwa, Yusta hakuwahi kumwona uso kwa uso mwenye risiti alizozihesabu. Aliinua moja dirishani. Ndani ya weusi mlikuwa na tarakimu ya saba, au labda ya moja.

“Keti, mama,” alisema, akichukua ya pili.

Nje, kibao kilining'inia kwa skrubu yake moja.