Njahi Moja Kibuyuni

Kiunga alichagua njahi yake kama kawaida, haragwe jeusi lenye mdomo mweupe, kisha akaiacha mfukoni. Leo kiganja chake kilishika punje ya mahindi. Aliifinya njia nzima hadi ikalowa jasho, kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Kikundi chao cha maji hapa Mitunguu kilirithi desturi moja kutoka kwa wazee waliochimba mfereji wa kwanza. Jambo kubwa haliamuliwi kwa kuinua mikono. Kila mwanachama huja na punje mbili, ya mahindi na ya njahi. Hufumba ngumi, akaitumbukiza kibuyuni, akaacha moja. Mahindi ni kukubali, njahi ni kukataa. Ikionekana njahi hata moja, watu huketi tena na kuzungumza mpaka kila kinachowatia hofu kitoke. Yakiwa mahindi matupu, jambo limefungwa. Halifunguliwi tena.

Tangu Kiunga aingie kikundini, kila jambo kubwa lilikuta njahi kibuyuni. Moja tu. Yake.

Kusema mbele ya watu hakuweza. Njahi ndiyo iliyomsemea. Ndiyo iliyokataa zile pampu za dizeli, watu wakaketi upya, wakaulizana, wakaziacha. Wenzao wa ng'ambo ya mto walizinunua, na sasa kuku wanatagia ndani yake. Lakini nani angemshukuru mtu asiyejulikana?

Kutukanwa, hilo alilipata. Juzi, kwenye hoteli ya chai, jirani yake Mwendwa alipiga meza na kusema, "Huyu mwenye njahi si azae basi, tumpelekee na uji!"

Hoteli nzima ilipasuka kicheko, maana njahi ni chakula cha mama aliyejifungua. Kiunga naye alicheka, akacheka hata kuliko wengine. Kisha akaenda nyumbani, akawasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu, akala viazi akiwa amesimama.

Kilichomchoma zaidi ni neno la Mama Kananu, mwenyekiti. Mkutano uliopita, baada ya njahi kutokea tena, aliinua macho na kusema polepole, "Kuna mtu hapa anatembea peke yake." Neno hilo Kiunga alilala nalo, akaamka nalo.

Jambo la leo lilikuwa la maji yenyewe. Kampuni moja ya maua ilitaka kuchukua maji yote ya mchana kutoka kwenye chanzo. Wao wangebaki na ya jioni, na kampuni ingewawekea mabomba mapya. Shamba la Kiunga liko mkiani kabisa mwa bomba. Maji ya jioni yasingefika huko. Migomba ya marehemu baba yake ingekauka ikisimama.

Lakini wote waliisifu kampuni. Mabomba ya sasa yamechoka, walisema. Watoto watapata kazi. Watu wote hao, Kiunga alijiambia, hawawezi kuwa wajinga, na yeye peke yake awe na akili. Afadhali akose maji pamoja na watu kuliko kuwa na maji bila mtu.

Alipopita kwa Mwendwa alimkuta bado anachimba mashimo, miche mipya ya ndizi imepangwa kivulini.

"Unapanda sasa?" Kiunga aliuliza. "Na haya maji yanaenda?"

"Ndizi ni ndizi," Mwendwa alijibu, akijifuta matope. "Twende bwana, tusichelewe. Mimi leo ni mahindi tu, hata usiniulize."

"Na hii miche utainyunyizia nini?"

"Wacha maswali, Kiunga. Kwani wewe ni polisi?"

Kiunga alimwona mpumbavu, wakaondoka.

Katika ukumbi wa kanisa, kijana wa kampuni alikuwa mbele, buti zake safi, kalamu tayari mkononi. Mama Kananu aliuliza kama kuna mwenye neno. Watu walitazama miguu yao.

"Hakuna hata mmoja?" aliuliza tena.

"Tupige tu, mama," mtu alisema kutoka nyuma. "Kibuyu kitasema."

Walipita mmoja mmoja. Zamu ya Kiunga ilipofika, aliingiza ngumi, akafungua vidole, akasikia punje yake ikigonga zingine. Alirudi kukaa mwepesi, karibu alie. Kwa mara ya kwanza alikaa bega kwa bega na Mwendwa bila kujibana.

Mama Kananu alimwaga kibuyu juu ya ungo.

Nyeupe. Nyeupe tupu, kama meno.

Kiunga alisubiri vigelegele. Kijana wa kampuni alipiga makofi, na makofi yake yalisikika peke yake, mpaka akaona aibu akaacha. Mama Kananu alizichambua punje kwa vidole, akazisogeza upande mmoja, akazirudisha. Akakiinua kibuyu, akakigeuza, akakigonga tako kwa kiganja. Hakikutoka kitu.

Mwendwa aliinuka.

"Tafuta vizuri, mama," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Si huwa iko? Kila siku si huwa iko? Na ndizi zangu je?"

Mama Kananu aliweka kibuyu chini. Macho yake yakapita uso kwa uso, benchi kwa benchi, kama mzazi anayehesabu watoto baada ya mafuriko.

"Ako wapi?" aliuliza. "Mtu wetu ako wapi?"