Buti za Askari wa Mpakani

Mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya wanyamapori aliweka buti za askari juu ya meza ya mama yake. Utaratibu huo aliuanzisha mwenyewe: askari akiuawa na majangili, yeye ndiye anayepeleka buti zake nyumbani. Alikwisha kuzipeleka katika nyumba kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa nyumba alimozaliwa.

Mama alizigeuza. Soli ya kulia ilikuwa imelika upande wa nje, kama viatu vyote vya kitindamimba wake tangu shule. Akakwangua tope kwa ukucha.

"Hivi alikuomba umhamishe?"

Dereva, aliyesimama mlangoni, alitazama chini. Mkurugenzi angeweza kusema hapana. Barua zilikuwa kwenye droo yake, na hakuna mwingine aliyezisoma.

"Aliomba, mama. Mara mbili."

"Ukamjibuje mdogo wako?"

"Kwamba kila askari anakaa kituo cha mpakani miaka mitatu. Ningemtoa yeye, wenzake wangesema nini?"

"Wangesema una ndugu." Mama alizipanga buti sambamba, visigino kwenye ukingo wa meza. "Alikuwa amebakiza muda gani?"

"Siku tisa."

Mama akamgeukia dereva.

"Baba, mrudishe bosi wako ofisini, ana kazi nyingi. Mwambie tunazika Jumamosi, akipata nafasi."