Kupita Kushoto

Kila asubuhi Sekulu, mwalimu wa udereva, humpeleka mkewe Tunu kazini, akivumilia nyuma ya malori mpaka kulia kuwe wazi. Leo alichepuka ghafla, akalipita lori kwa kushoto.

Tunu alishika mkanda. Kosa hilo ndilo mumewe analowafelishia wanafunzi.

"Baba Salha, unamkimbia nani?"

"Nimechelewa tu."

"Umechelewa, au kuna mtu kule kulia hutaki akuone nami?"

Mbele kulikuwa na lori jingine. Kulia barabara ilikuwa tupu kabisa, lakini akakata tena kushoto, waenda kwa miguu wakaruka mtaroni.

"Simamisha! Ni nani huyo?"

Alisimamisha. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Mama Salha, jicho la kulia halioni. Lilikuwa likififia, mwezi wa pili sasa; leo limezima."