Waya wa Pili

Baba alikaza waya wa pili kando ya ule wa zamani kwa spana, akaupiga kwa kidole, akatega sikio. Ulilia sawasawa. Akahamia mwingine.

Ndege ilijaza gereji nzima. Kila upande ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, ndiyo maana majirani waliiita ndege ya ghorofa. Aliiunda na binti yake, ubao kwa ubao, tangu binti akiwa shuleni. Kiti kilishonwa kwa kipimo cha binti, na ilikuwa marufuku kwa mwingine yeyote kukikalia.

"Fanya hima, Baba," mkewe alisema mlangoni, mwavuli kwapani. "Wingu limetanda, na mtoto yuko nje peke yake."

"Nenda ukakae naye. Namalizia."

Mara akaingia rafiki yake, fundi wa uwanja wa ndege, begi begani, ndiyo kwanza anarudi safari ndefu.

"Rubani wetu yuko wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Anatusubiri."

Fundi aliizunguka ndege, akaguna. "Kaka, umekosea. Nyaya ulizoziongeza zinazuia bawa lisining'inie ndege ikiwa imeegeshwa. Angani hewa inalisukuma bawa juu, na zinazofanya kazi ni hizi nyingine. Hizi hukuzigusa kabisa."

"Najua."

"Unajua, halafu unataka kumpandisha mtoto humu?"

Baba alishika nguzo ya bawa.

"Mvua kubwa ikilipiga, bawa litahimili?"

"Mvua? Hata ya mawe, miaka na miaka. Lakini kuruka, sahau."

"Basi nisaidie kusukuma. Nilimwahidi itatoka humu, na leo inatoka."

Wakasukuma. Fundi alikuwa akinung'unika njia nzima kwamba ukaidi wa mtu mzima hauna dawa, na kwamba atamwambia binti mwenyewe, maana yule angalau ana masikio. Matone ya kwanza yalianguka wakikata kona ya nyumba.

"Rubani!" aliita. "Njoo uone baba yako alivyokuharibia ndege!"

Mama alikuwa amechutama peke yake, ameshika mwavuli juu ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Bawa lilipolifunika kaburi lote, aliufunga mwavuli.