Mfungo wa Mzee Lukelo

Sista Yunisi alikuwa ameshika sindano ya ganzi, tayari kumchoma Mzee Lukelo mgongoni kabla ya upasuaji wa ngiri, alipoona midomo yake imekauka na kupasuka.

"Babu, maji niliyokuruhusu asubuhi, ulikunywa?"

"Nilifunga, mwanangu. Tangu juzi jioni. Nilikuwa na maombi."

"Choma, Sista, tunachelewa," alisema daktari.

"Nikimchoma akiwa mkavu hivi, presha itaanguka. Kwa miaka yake themanini, huenda isiinuke tena."

Akaiweka sindano chini, akatundika dripu, kisha akamfunga bandeji za kubana miguu yote miwili.

"Unanivika sanda ningali hai?"

"Ni kama soksi tu, babu. Damu isikimbilie miguuni."

Dripu ilipokwisha, alimchoma. Mashine ya presha ikasoma mia na thelathini, kisha mia na kumi, kisha tisini na nane. Daktari alisubiri, kisu mkononi. Sista alishika bomba la sindano lenye dawa ya kupandisha presha, kidole gumba tayari kusukuma.

Mzee alikuwa akisali kwa sauti ndogo. Kwenye mkono wake mwembamba, mkanda wa kipimo ulianza kujaa upepo tena.