Foleni ya Simu ya Kukunja

Fundi viatu alikuwa wa nne kwenye foleni ya simu mpya, na mfukoni hakuwa na hata nauli ya kurudi nyumbani.

Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri. Miguu ilimwaka moto, mgongo ndio usiseme. Jamani, kusimama bure kunachosha kuliko kazi! Lakini angefanyaje? Kibanda chake kilikuwa kimepigwa kufuli na mwenye nyumba, na ndani mlikuwa na nyundo, sindano na viatu vya watu. Asipolipa kodi leo, kesho vyote vinatupwa nje.

Jana yake alikuwa amefuatwa na muuzaji wa duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Tai.

"Bei yetu watu wanaicheka, mzee wangu," alisema Bwana Tai. "Lakini mtu akiona foleni, roho humdunda, anaona anapitwa. Wewe njoo usimame na wateja. Ukiulizwa, sema, 'Ghali kweli, lakini kipenda roho hula nyama mbichi.' Mlango ukifunguliwa, mpishe aliye nyuma yako, kisha ujiondokee taratibu. Ikiuzwa simu moja tu, jioni uje uchukue chako."

"Na isipouzwa?"

"Foleni yote ile, mzee? Wewe funga mdomo tu. Wateja wakijua, watakimbia."

Basi akawa amefunga mdomo. Jua likapanda. Wapita njia wakawa wanasoma bei kwenye kioo na kushika vichwa. Msukuma mkokoteni mmoja alisimamisha mzigo wake kabisa.

"Eti inakunjwa mara tatu!" alipaza sauti. "Hata shuka langu linakunjwa! Kwa bei hiyo, simu iniamkie kila asubuhi: shikamoo, baba!"

Watu wakaangua kicheko. Fundi viatu naye kicheko kilimjaa kifuani, maana mwenye mkokoteni alikuwa amesema kweli tupu, lakini akauma midomo.

"Ghali kweli," alijibu mama aliyekuwa mbele yake, kwa sauti ya kuchoka, "lakini kipenda roho hula nyama mbichi."

Fundi viatu akastaajabu. Kumbe Bwana Tai anawajua wateja wake hadi maneno yao!

Kwa mazoea akainamisha macho kwenye viatu. Kisigino cha yule mama kilikuwa kimelika upande. Bwana aliyekuwa nyuma ya fundi mwenyewe, soli yake ilikuwa imeshikizwa kwa waya. Akasikitika. Dunia imekwisha: watu wanajinyima hata viatu ili wakunje simu! Alitaka kumwambia mama, niletee hicho nikushonee. Akakumbuka kufuli.

Hatimaye mlango ukafunguliwa. Bwana Tai akatokea, meno yote nje.

"Karibuni, wateja wetu!"

Fundi viatu akashusha pumzi. Mateso yamekwisha. Kilichobaki ni watatu wa mbele waingie, yeye ampishe wa nyuma, akapumzishe miguu.

Mzee wa kwanza akasafisha koo, akageuka. "Tangulia, binti yangu."

"Hapana, mzee, mimi sina haraka," alisema binti, na yeye akamgeukia mama. "Pita, mama."

Mama akamgeukia fundi viatu. "Tangulia, kaka."

Tabasamu la Bwana Tai likaanza kupungua. Fundi viatu akageuka haraka kumpisha bwana wa nyuma. Akaona kisogo chake. Akaona visogo vya foleni nzima, hadi mwisho kabisa, ambako mtu mmoja alikuwa amemng'ang'ania msukuma mkokoteni mkono, akimsihi:

"Tangulia wewe, ndugu yangu. Tafadhali."